Herufi M Ilifungiwa Stoo

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta na kiburi cha kutosha tarafa nzima. Hospitali moja ndogo mjini Meru ikanipa kompyuta kuukuu sita niziunganishe. Kompyuta kuu hatukuwa nayo, basi kila moja ilihifadhi sehemu ya rekodi za wagonjwa. Mwanzoni, ukitafuta jina moja, uliziuliza zote sita, na kazi ikazorota. Nikagawanya alfabeti mafungu sita yaliyo sawa: herufi ya kwanza ya jina inakuonyesha mashine ya kuuliza, unauliza mara moja tu. Nilijiona bingwa.

Nilichosahau, mimi mzaliwa wa Kaaga, hapo hapo Meru, ni kwamba karibu nusu yetu majina yetu yanaanza na M. Mashine ya M, iliyowekwa ndani ya stoo ya dawa, ilijibu maswali asubuhi nzima hadi ikawa inakwama. Nikamwagiza mzee wa stoo aipumzishe saa ya chakula.

Adhuhuri moja mama kutoka Laare alileta mtoto anayehema kwa shida. Mtoto huyo aliwahi kudungwa sindano hapo hapo akavimba uso. Dawa gani? Mama hakujua. Daktari alikuwa na sindano mkononi.

"Fundi, rekodi iko wapi?"

Jina la mtoto lilianza na M. Skrini ikaandika kwamba mashine haipatikani.

Nilikimbia stoo nikakuta kufuli. Dirishani niliiona mashine imezimwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Mzee alikuwa ameenda kwake kula. Nikavunja kufuli kwa jiwe, nikaiwasha, nikaingoja iamke huku nikiomba kama mlokole. Dawa iliyomvimbisha ilikuwa penisilini, ile ile aliyoishika daktari.

Mtoto akapewa nyingine. Mzee aliporudi alitazama kufuli, kisha mimi.

"Si wewe ulisema ipumzike? Sasa unaiamsha kwa mawe?"

Nikainama kuokota vipande vya kufuli.

Jioni, mtoto alipokubali uji, mama aliniita.

"Kijana, hiyo dawa mbaya, niandikie."

Nikamweleza kwamba imo kwenye kompyuta, na kesho nitaweka nakala katika mashine ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaninyooshea kipande cha pakiti ya majani chai. Nikaandika kwa herufi kubwa. Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la leso, fundo mara mbili.