Hatua za Mama na Haraka Zangu

Nikikaa kwenye kiti zaidi ya robo saa, magoti huanza kucheza yenyewe. Ofisini wenzangu wamenizoea. Nikisimama kupeleka faili ambalo mhudumu angelipeleka, hawaulizi tena. Alfajiri hutoka nyumbani kwetu Temeke nikakimbia hadi barabara kubwa na kurudi, na nikimwona mtu mbele yangu lazima nimpite, hata akiwa mzee wa watu anayetoka msikitini. Sijivunii jambo hilo. Ile methali ya haraka na baraka nimeimbiwa tangu nilipoanza kutambaa, kwa hiyo tusipotezeane muda nayo.

Mdogo wangu wa kiume ni mtu wa namna nyingine. Yeye hawezi kufanya jambo lolote peke yake, hata kunyoa ndevu. Jumapili asubuhi hukimbia na klabu yao ya jogging, kundi zima limevaa fulana za rangi moja, filimbi mbele, mwimbishaji katikati, na nyuma yao magari yamejipanga yakipiga honi. Nilikwenda nao mara moja tu. Walikimbia taratibu kama watu wanaosindikiza bibi harusi, na mwisho wa safari palikuwa na supu na chapati mbili mbili. Nilimwambia yale si mazoezi, ni shughuli iliyovaa raba. Akacheka, akanijibu kwamba mimi, dada yake, nakimbiaga kama nimeiba kuku.

Mama yetu hakuwa na habari na mbio zangu wala za mdogo wangu, mpaka mguu ulipomlazimisha. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, lakini mwaka jana alikanyaga kipande cha chupa uani asihisi kitu, tukaja kuona damu kwenye kanga baadaye. Kidonda kilichukua wiki nyingi kupona. Kliniki, nesi alimminya vidole vya mguu wa kushoto kimoja kimoja akimuuliza kama anasikia, na mama akajibu hasikii. Nesi hakumzungusha. Alimwambia atembee nusu saa kila siku, mfululizo, mpaka jasho limtoke, la sivyo ipo siku ataitwa kuja kukatwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikipanga ratiba kichwani.

Nilimnunulia raba nyeusi zenye soli nene, nikachukua jukumu la kumtembeza kila siku kabla sijaenda kazini, saa kumi na mbili na nusu. Siku ya kwanza tulitumia saa nzima kufika mwisho wa mtaa wetu, mahali ninapofika mimi kwa dakika tatu. Kila geti lililokuwa wazi mama alisimama. Aliuliza hali ya mwenye nyumba, halafu ya watoto, halafu ya yule mgonjwa wa Mbagala, halafu akasubiri mwenye nyumba naye amuulize yote hayo kwa zamu yake. Vijana walimwamkia shikamoo, akawaitikia kwa kituo, na kila mmoja akaulizwa anaendeleaje. Mimi nilisimama pembeni nikirukaruka ili mwili usipoe, kama mwanasoka anayesubiri kuingizwa.

Mahali pabaya kuliko pote palikuwa kwa rafiki yake wa ujana, nyumba ya saba kutoka kwetu. Walichezwa unyago pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakawa wajane wakipishana miezi michache. Rafiki huyo alikuwa akichoma vitumbua barazani kila asubuhi, na mama akifika pale alikuwa anakaa. Simaanishi kusimama. Alivuta kigoda akakaa, akapokea kikombe, na nusu saa ya nesi ikaishia hapo. Harufu ya iliki na mafuta ya moto ilinifikia mimi niliyesimama barabarani, na moyoni nikawa nahesabu vitumbua ambavyo sikuviona akivila.

Nilivumilia wiki tatu, na kwangu mimi huo ni muujiza. Wiki ya nne nilimwambia mama kwamba tutabadilisha njia. Siku za kazi tutapita nyuma, kwenye ukuta wa magodauni, ambako hakuna mlango wa mtu. Jumamosi tutachukua bajaji tuvuke daraja hadi Kigamboni, kule kwenye lami pana ambako hatumjui mtu wala hatujuani na mbwa. Simu yake itabaki nyumbani, maana ikilia tu lazima asimame.

Mama akauliza: "Sasa mwanangu, nitoke asubuhi nisimjulie mtu hali? Watasema nimekuwaje?"

Nilimwambia waache waseme, mguu ni wake si wao. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilishamwona akilini akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mimi nikimsukuma, na picha hiyo ilikuwa ikinikimbiza mchana kutwa. Mama akasema haya, twende.

Na kweli alitembea. Kule kwenye ukuta alinifuata hatua mbili nyuma, kimya, mkoba wake mdogo kwapani. Simu yangu ilihesabu hatua, nami nilimsomea kwa sauti kila baada ya dakika chache, nikimsifu kama mtoto aliyefaulu. Jasho lilimtoka. Kliniki, sukari ilikuwa imeshuka kidogo, na nesi akanipongeza mimi badala ya mama, nami nikapokea pongezi hizo bila aibu. Rafiki yake alituma mtu kuuliza kama kuna neno walilokoseana. Mama aliniambia Ijumaa angependa kwenda kumtazama. Nilimwomba asubiri wiki ijayo, tusivunje mwendo tulioupata. Wiki ijayo ilipofika nilisema hivyo hivyo.

Jumamosi moja tulikuwa Kigamboni, yapata saa mbili kasorobo. Mama alikuwa anatembea vizuri kuliko siku zote, na nilikuwa nimejiwekea kwamba siku hiyo lazima tufikishe hatua elfu sita. Simu ikatetemeka kiunoni. Nikaitazama, alikuwa mdogo wangu. Nikadhani anataka kuniringia mbio za kesho yake, nikaikata. Ikatetemeka tena. Nikazima mlio na mtetemo, vyote viwili, nikamwambia mama bado mia nane tu. Tulizifikisha. Tukanywa madafu, tukapata bajaji, tukakwama zaidi ya saa nzima kwenye foleni kabla ya daraja, na tulipoingia mtaani ilikuwa inakaribia saa tano.

Turubai lilikuwa limeshafungwa nje ya nyumba ya saba. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, wanawake walikuwa ndani kwenye mikeka. Rafiki yake mama alikuwa ameanguka chooni baada ya sala ya alfajiri, na hawakuwahi hata kumfikisha hospitali.

Wale wawili walikuwa na ahadi, na mtaa mzima wa akina mama ulikuwa ukiijua: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemuosha. Kwa hiyo walimsubiri mama. Walipiga simu yake, ikawa inalia juu ya kabati la vyombo. Wakamtuma mdogo wangu, naye akapiga yangu. Maji yalikuwa tayari, sanda imekatwa, na wanawake walikaa zaidi ya saa nzima wakitazama mlango. Mwishowe msimamizi akasema maiti hacheleweshwi, mazishi ni baada ya adhuhuri, wakamuosha wengine. Mama alipoingia na raba zake miguuni alimkuta ameshavikwa, uso tu ndio umeachwa wazi.

Hakulia kwa sauti. Alivua raba mlangoni, akakaa chini kichwani pa mwenzake, na hakuniangalia mpaka siku ikaisha.

Tangu siku hiyo mama aliacha kutembea. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia, maana ugomvi naujua, huwa naupita mbio. Asubuhi nilipomwekea raba karibu na kitanda alisema leo hajisikii. Kesho yake hivyo hivyo. Mguu ukaanza kuvimba jioni. Kliniki sukari ilikuwa imepanda kuliko hata mwanzo, na nesi akaniuliza mimi kulikoni. Nilikuwa nakimbia alfajiri umbali mara mbili ya zamani, narudi nimelowa, na bado usingizi hauji.

Kitu kimoja kilinimaliza nguvu. Binti wa marehemu alikuja kwetu na kigoda na kikombe, akasema mama yake angependa mama avichukue. Nikamuuliza, nikijifanya natania, marehemu alimlisha mama yangu vitumbua vingapi. Binti akashangaa. Akasema hata kimoja. Mama yake alikuwa akimchemshia chai ya tangawizi isiyo na sukari, anaitenga mapema kabla ya kuwasha jiko la vitumbua, na siku moja mama alipochomoa kitumbua alipigwa kofi mkononi mbele ya wateja. Nilikwenda uani nikafua nguo zilizokuwa safi.

Arobaini ilisomwa. Siku mbili baada yake nilirudi kutoka mbioni nikakuta kitanda cha mama kimetandikwa na raba hazipo. Nilimkuta mtaani, nyumba ya tatu, ameshika geti la watu anazungumza. Nilimuuliza kama naweza kwenda naye. Akasema njia si yake. Tukatembea. Kila mlango watu walimpa pole ya mwenzake kana kwamba msiba umetokea jana, naye aliipokea, akaelezea upya alivyomkuta, na katika maelezo yake alisema tu kwamba alikuwa mbali. Hakusema ni nani aliyempeleka mbali. Aliposema hivyo kwa mara ya nne nilihisi siwezi kuingia mlango wa tano.

Nilimsimamisha katikati ya nyumba ya sita na ya saba. Nikamwambia kwamba siku ile simu ya mdogo wangu niliiona. Niliikata, ikaja ya pili, nikaizima. Tungepanda bajaji pale pale tungewahi.

"Najua," mama akasema. "Niliisikia ikinguruma kiunoni kwako, mara mbili."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nipokee.

"Ulikuwa unanihesabia hatua, mama. Ulikuwa umefurahi. Sikupenda kukukatiza."

Nililia pale barabarani, mtu mzima na suruali ya mazoezi, bodaboda zikitupita na watoto wa shule wakigeuka kunitazama. Nilijaribu kuondoka, miguu ikakataa. Mama alishika mkoba wake kwapani, akasimama kando yangu. Hakunihimiza wala hakuniambia ninyamaze. Alisubiri mpaka nikamaliza.