Tajiri wa Kitale Ananidai Ahadi ya Marehemu Mume Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu, watu wa huku wananijua. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, naishi Bumula, kaunti ya Bungoma. Shule niliishia darasa la nane, mnivumilie.

Mume wangu alikuwa fundi wa majeneza. Alimfanyia kazi tajiri mmoja wa Kitale anayeuza majeneza, na huko alitia sahihi mkataba kwamba akiacha kazi, hatatengeneza jeneza Kitale wala Bungoma yote kwa miaka miwili. Mishahara ilipoanza kuchelewa aliacha, tukarudi nyumbani, tukafungua karakana ndogo. Yeye alipiga randa, mimi nilishona vitambaa vya ndani. Kabla ya kwenda kula alikuwa akinipuliza vumbi la mbao lililonasa kwenye nywele.

Siku ya soko, mchana, vijana watatu walikuja kwa pikipiki na mashoka. Wakapasua jeneza la kwanza, la pili, watu wakitazama. Mmoja akacheka, "Si ulisaini, bana? Ama mkono ulikuwa wa kuazima?" Mume wangu hakupigana. Lilikuwa limebaki jeneza dogo, la mtoto wa jirani aliyekuwa mochari. Akalilalia.

"Hili si langu," akawaambia. "Ni la mtoto wa watu. Nipigeni mimi."

Wakampiga yeye. Nilisikia mfupa ukivunjika nikiwa bado nimeshika sindano. Nilipopiga mayowe, wakampiga kichwani kwa kisogo cha shoka, kisha wakaondoka polepole, kama watu waliomaliza kibarua. Alifia mikononi mwangu kabla gari halijapatikana. Lile jeneza halikuwa na mkwaruzo. Nilipangusa damu, nikamalizia kushona, mtoto akazikwa nalo.

Polisi wanasema wanachunguza.

Kilichonileta hapa ni hiki. Baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, desturi yetu sisi Wabukusu ni mzee kuuliza mbele ya wote ni nani aliyemdai marehemu, ili alale bila deni. Yule tajiri akasimama.

"Poleni wazee. Sidai pesa. Marehemu aliniahidi miaka miwili, na hata mmoja haujaisha. Naomba mjane aimalizie."

"Ati nini?" shangazi akaropoka. "Huyu ana haya kweli?"

Lakini baba mkwe akasema, "Tumekubali. Mwanangu alale."

Nikamwinamia. "Baba, mimi sikutia sahihi."

Akaninong'oneza, "Mayi, mama, wale vijana wakirudi, hawa wajukuu wangu nitawazika kwa jeneza la nani?"

Karani wa wakili mmoja Bungoma ameniambia mkataba ule haunifungi mimi. Hata mume wangu, akasema, huenda korti ingemwachilia, kwa sababu ulimzuia kula kwa mikono yake kaunti nzima. Nilifurahi kidogo, halafu nikalia.

Randa yake, ambayo alinifundisha kuitumia, iko mezani, bado ina vumbi lake. Kesho mama mmoja aliyefiwa anakuja kuchukua jibu kama nitamtengenezea. Nikifungua karakana, nitavunja neno la baba mkwe mbele ya ukoo, na wale vijana njia wanaijua. Nikifunga, nitakuwa nimewaachia kile alichokilalia mume wangu.

Ninyi mnaojua sheria, na ninyi mliofiwa, niambieni: kesho niufungue mlango wa karakana, au niuache?