Mkanda Ambao Haukushika

Mtaani walimwita Mama Dobi, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia kwenye beseni na pasi, akifua nguo za watu. Mumewe alikuwa mpiga picha, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: kiti cha mbao, benchi, pazia la bluu ukutani, na kioo ambacho wateja walijitazamia wakichana nywele. Kamera ilikaa juu ya kabati. Miaka yote ya ndoa Mama Dobi aliufuta vumbi mkoba wake wa ngozi tu. Ya ndani hakuyajua.

Kisha Fundi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburutwa, na maneno yakamwisha kinywani, likabaki moja tu: "Bado." Ukimwamkia, bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Wageni walitabasamu, halafu wakatazama chini.

"Studio sifungi," Mama Dobi alimwambia dada yake. "Akiuona ule mlango umefungwa, ndiyo basi tena."

"Nani atapiga picha?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe unajua pasi!"

"Hata pasi sikuzaliwa naijua."

Asubuhi ya kwanza alipiga watu waliotaka picha za vitambulisho, mmoja baada ya mwingine, jasho likimtiririka. Kamera ile ilikuwa ya zamani. Mtu huchungulia kwenye kidirisha kilicho juu, si kwenye lenzi yenyewe. Kwa hiyo aliwaona wote vizuri, na hakujua kwamba kifuniko cha lenzi hakikutolewa. Mzee aliyekuwa akisafisha picha kwenye duka la barabara kuu alimrudishia mkanda wa picha mweupe pe.

"Mama, hawa watu uliwapiga wakiwa ndani ya gunia?"

Mara ya pili alikumbuka kifuniko, lakini katikati ya kazi akashikwa na wasiwasi, akafungua mgongo wa kamera achungulie kama picha zinatoka. Mwanga ukaingia, ukazila zote. Mara ya tatu alikosea kupima umbali, na bwana harusi akatoka kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa chungu. "Lakini pazia lako, mama," bwana harusi alisema akiigeuza picha huku na huku, "pazia limetoka vizuri sana."

Mama Dobi alicheka naye. Mteja alipoondoka aliingia chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, hakutoka mpaka Fundi alipogonga ukuta kwa mkono wake mzima.

Kosa la nne ndilo hili.

Seremala wa mtaa wa pili alileta ukoo wake wote kupiga picha na mama yake. Bibi yule alikuwa amedhoofika; walimbeba juu ya kiti, wakamtua mbele ya pazia, wanawe na wajukuu wakajipanga nyuma yake. Fundi naye alikuwa amekalishwa dirishani, mahali pake.

"Mama, tabasamu kidogo," Seremala alimbembeleza.

"Nitabasamu na nini? Meno yenyewe yalishanikimbia."

Wakacheka wote, na Mama Dobi akabonyeza. Akavuta mkanda, akabonyeza tena. Hapo Fundi akaanza: "Bado! Bado!" Akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, macho yamemtoka. "Bado!"

"Mnamsikia Fundi?" Mama Dobi alisema. "Anasema msitikisike kwanza. Tulieni hivyo hivyo."

Wakatulia. Watoto wakakaza shingo. Mama Dobi akapiga, akavuta, akapiga. Namba za kamera zikafika pale mkanda unapotakiwa kwisha, zikapita, naye akafurahi. "Mkanda wa leo una baraka," alisema, "hauishi!" Kule dirishani Fundi alikuwa analia. Mkewe akadhani amechoka, akampelekea maji. Akayakataa.

Mzee wa duka la barabara kuu hakuutia mkanda ule hata kwenye dawa ya kusafishia. Aliunyanyua tu, akamwonyesha ncha iliyochomoza.

"Huu mpya, mama. Ulimi wake haukushika kwenye meno ya kamera. Ulikuwa unavuta hewa."

Alirudi nyumbani akipanga maneno ya kuwaambia akina Seremala, wapangwe tena kwa picha nyingine. Hakuwahi kuyasema. Kabla hajavua kitambaa kichwani, kilio kilisikika kutoka mtaa wa pili. Bibi alikuwa ameondoka.

Angeweza kungoja. Msibani nani atauliza picha? Lakini alijifunga vizuri akaenda moja kwa moja karakana. Seremala alikuwa akipiga randa mbao za jeneza la mama yake. Hakutaka mtu mwingine alitengeneze.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama. Umeniletea picha?"

"Hakuna picha. Mkanda haukushika. Nilikuwa sijui, nikadhani nawapiga."

Randa ikasimama. "Hata moja?"

"Hata moja. Fundi aliona. Ndicho alichokuwa akiniambia, nami sikumwelewa."

Seremala alitazama vumbi la mbao miguuni pake. Mabega yakaanza kumtikisika, na Mama Dobi akajua analia, kumbe anacheka. "Na tulivyokaza zile shingo!" alisema. "Mjomba alizuia pumzi mpaka akakohoa..." Kicheko kikakatika. Akainama juu ya ubao, akalia kwa sauti, kama mtoto. Mama Dobi alimshika begani, na hakuondoa mkono.

"Nenda ukawaambie wenzangu," Seremala alisema alipoweza. "Mimi siwezi."

Akaenda, akawaambia, amesimama mbele yao. Wengine walimpa pole, ajabu ya dunia. Binti mkubwa wa marehemu alinyanyuka, akatoka nje. Tangu hapo picha zake alikwenda kupigia mbali, na salamu za Mama Dobi aliziitikia siku akipenda.

Baada ya mazishi Mama Dobi alimwekea mumewe kamera mapajani. "Fundi, nimekuudhi vya kutosha. Nifundishe." Kwa mkono wa kushoto Fundi akakichukua kidole cha mkewe, akakilaza juu ya kirungu kidogo cha kurudishia mkanda. Akamwashiria avute mkanda kwa mkono mwingine. Kirungu kikazunguka taratibu chini ya kidole. Mkanda ulikuwa unatembea; siku ile ya Bibi kirungu hicho hakikuzunguka, na Fundi alikiona toka dirishani. Akamfanya avute tena, na tena, mpaka kidole kikajua chenyewe.

Walisoma hivyo alasiri nyingi, mmoja bila maneno, mwingine akijisemea yote. Picha zilianza kutoka: kwanza zimeinama upande, baadaye zimenyooka. Wateja waliokuwa wanakuja kwa huruma wakawa wanakuja kwa picha.

Siku moja alikuwa akimpiga mtoto mchanga asiyekubali kutulia, mama yake akimwimbia, nyanya yake akipiga makofi, kelele tupu. Alipomaliza alimgeukia Fundi kama kawaida yake, asome uso wake. Fundi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea fremu ya dirisha, mdomo wazi, akikoroma taratibu. Hakuwahi kulala wakati wa kazi kabla ya siku hiyo. Mama Dobi alimfunika magoti kwa kanga, akaenda mlangoni akaita kwa sauti ya chini, "Anayefuata."