Santuri ya Mjerumani Mbele ya Balozi

Mwanangu, ipo alasiri moja ya Ujiji ambayo hata nikisahau jina langu nadhani nitaikumbuka. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikarudi nyumbani na cheti changu, na sijaondoka tena mpaka leo. Wenzangu walikwenda Dar es Salaam, wengine ng'ambo kabisa. Mimi safari yangu ndefu ni Mwandiga, hapo jirani tu, na hata huko nilirudi mapema.

Msafiri wa nyumbani alikuwa kaka yangu Hamisi, fundi wa injini kwenye meli ya ziwani. Mjerumani mmoja aliyekuja kutengeneza mitambo bandarini alimpenda, na siku ya kuondoka akamwachia zawadi: santuri mbili katika jalada moja, za bendi ya vijana wa kwao. Vijana hao, alieleza, walijifungia kwenye kasri la kale wakapiga ngoma na magitaa kutwa nzima kanda ikizunguka, kisha wakaikata ile kanda kwa wembe na kuiunga upya walivyotaka wenyewe. Kaka alizipenda kuliko viatu vyake. Siku aliyopanda meli kwenda Mpulungu, upande wa Zambia, akaniambia, "Zitunze. Nikirudi nizikute."

Nikazitunza kwa kuzipiga kila siku kwenye gramofoni ya nyumbani. Upande wa kwanza ulikuwa mtamu, ngoma inakwenda na kurudi palepale, haichoki. Lakini upande wa tatu! Unaanza na mtu anayeguna kama yumo ndani ya mtungi, huku vyuma vinakwaruzwa. Nywele zilinisimama, na enzi hizo nilikuwa nazo. Kila siku najipa moyo, naweka sindano, mguno ukizidi nainyanyua mbio. Kesho tena vilevile. Kwa hiyo majirani walichosikia cha upande huo ni mguno tu, asubuhi na jioni.

Mzee Kabwe, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akanishtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa Bi Tausi, mwanika dagaa, mama wa asili ya Kongo mwenye sauti ya kuurudisha mtumbwi uliokwisha kuondoka. Akaja uani kwetu, akatandikiwa mkeka, na gramofoni ikawekwa mbele yake kama mwizi wa kuku.

"Balozi, huyu kijana kafuga mashetani kwenye boksi," alisema Mzee Kabwe. "Kuku wangu wameacha kutaga. Sahani hiyo ivunjwe!"

Nami, mtetezi hodari, nikasema, "Shikamoo mama. Ikibidi ivunjwe, basi ivunjwe tu." Uso wa kaka niliufikiria, lakini wa Mzee Kabwe ulikuwa karibu zaidi.

"Marahaba. Wewe umewahi kuisikia hadi ikaisha?"

"Hapana, mama."

"Na wewe, Kabwe?"

"Niisikie wapi, na huyu anaikata?"

"Kumbe wote mnabwabwaja. Kwenye baraza langu mshtakiwa hakatizwi. Iache iseme, imalize. Ukigusa hiyo sindano nakutwika dagaa, unatembea nao hadi soko la Mwanga."

Tukakaa. Mguno ukaja, vyuma vikaja, nikashika mkeka kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa mchangani wakasogea kwenye ua. Mara, ndani ya santuri, mbwa akabweka. Mbwa wa Mzee Kabwe akamjibu! Watu wakaangua kicheko, na kicheko kilipokwisha hofu nayo ilikuwa imekwisha.

Ndipo ngoma zikaanza. Zilitokea mbali, zikakaribia, zikaharakisha, zikawa nyingi mpaka nikaona uani kwetu kumekuwa kukubwa kuliko ziwa. Bi Tausi alifumba macho, kiganja kikipiga goti lake. Nikamtazama Mzee Kabwe: mguu wake ulikuwa unakanyaga, unakanyaga, kama yuko kwenye cherehani, na cherehani haipo. Wale vijana hawakuijua Ujiji, wala sisi hatukujua kasri lao liko wapi. Sijui kilichotukalisha pale. Mpaka leo sijui.

Sindano ikafika katikati, ikabaki inakwaruza. Hakuna aliyeinuka.

"Mimi sijaelewa hata chembe," alisema Bi Tausi. "Lakini sijaona aliyeondoka. Kabwe, ivunjwe?"

Mzee Kabwe akakohoa. "Kuna upande wa nne?"

Tulipokwisha kucheka, mama yule akanigeukia mimi. "Santuri haina kosa. Wewe ndiye uliyemtisha jirani kwa kipande, tena kipande ulichokiogopa mwenyewe. Halafu ukataka kuvunja amana ya kaka yako kabla hujajua ina nini."

Kaka aliporudi alizikuta nzima. Aliyekuwa akizipiga siku hiyo ni Mzee Kabwe, huku akishona.

Basi, mwanangu, nakuona na simu yako, kidole hakitulii, kila kitu unakionja na kukitema. Sikukatazi kukataa, mengine kweli ni ya kutupa. Ila kisikilize kitu hadi mwisho ndipo ukikatae, hasa kile kinachokutisha, na mtu vilevile. Wala usikubali kivunjwe ulichokabidhiwa kwa sababu tu aliyekasirika amesimama karibu.

Mungu akupe masikio yenye subira, na akujalie jirani wa kukaa nawe mkekani mpaka ngoma zifike.