Kipindi Kimoja cha Darasa la Kwanza

Kwa miaka ishirini na mbili alifundisha darasa la kwanza, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Watoto walimbandika jina la Mama Irabu, likamganda. Hata wazazi waliopitia mikononi mwake walimwita hivyo sokoni bila haya.

Kisha ukaja utaratibu mpya: nyongeza ya mshahara itafuata alama za wanafunzi kwenye mtihani wa kumaliza shule. Darasa la kwanza halina mtihani huo. Mtoto aingie hajui kushika penseli, atoke akimsomea bibi yake barua, fomu haikuwa na nafasi ya kuliandika hilo.

"Mke wangu," alisema mumewe, fundi cherehani, siku paa lilipovujia suti ya mteja, "mapenzi hayazibi bati. Omba darasa la juu."

Akaomba, akapewa. Kazi aliiweza. Mwaka wa kwanza tu alama zikapanda, nyongeza ikaingia, mabati yakabadilishwa. Mumewe akawa anatembea kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyefanya mtihani.

Lakini moyo uligoma kuhama. Wakubwa walifunika daftari kwa kiwiko alipopita. Wadogo walikuwa wakimkimbilia kumwonyesha pengo la jino lililong'oka jana. Akiwa katikati ya asilimia, "ma, me, mi" ikimfikia dirishani, chaki ilisimama ubaoni yenyewe. Siku moja wakati wa mapumziko akashindwa, akaenda kuchungulia. Mtoto mmoja akampima kwa macho, juu hadi chini.

"Shikamoo, mgeni. Unamtafuta mwalimu wetu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimepotea njia tu."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. "Nirudishe chini."

"Mama Irabu, una homa? Wenzako wanalitolea macho darasa lako."

"Wape, na nyongeza yake."

Mkuu akavua miwani. "Nikikutoa alama zikashuka, tutaumia wote. Vumilia mwaka huu."

Mwaka huo ukazaa mwingine, na huo ukazaa wa tatu, mpaka barua ya kustaafu ikamkuta palepale juu.

Siku ya kumuaga, mkuu alimuuliza anataka zawadi gani.

"Kipindi kimoja. Kule chini."

Mwalimu kijana wa darasa la kwanza akampisha. Mama Irabu akaandika "kuku" ubaoni. Mtoto wa dawati la mbele akafuata kwa kidole hewani: "Ku... ku... jogoo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Naye akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Akayafuta kwa kiganja chenye chaki, akapiga magoti kando ya dawati.

"Umekaribia, baba. Tuanze tena, polepole."

Ukumbini chakula kilishapakuliwa. Walituma mtu kumwita mara mbili. Mara zote mbili alijibu anakuja, akafuta ubao, akaandika neno jingine.