Kondishena ya Kipande Aliyoipika Bunrye

Bunrye alipika sabuni miaka thelathini na mbili, na hakuna mwanamke wa soko letu hapa Mokpo, mji wa bandari wa Korea, aliyewahi kuilalamikia. Wakaanga samaki walimwachia mafuta machakavu mlangoni. Yeye aliyachuja kwa soksi kuukuu za nailoni, akatia kostiki, ile magadi kali ya kupikia sabuni, akakoroga mpaka yakawa mazito kama uji. Sabuni hiyo ilitoa hata doa la kimchi, kabichi yetu ya pilipili, kwenye shati jeupe. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu tuolewe, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona. Asiyeamini na aje aniulize.

Alifiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja, Juyeon. Huyo alikwenda Seoul akakaa miaka kumi na mitano, tukimsikia kwa simu za sikukuu tu. Kisha mwaka juzi akarudi, akafungua kiduka karibu na hamamu yetu, bafu la umma la mtaa, kiduka cha vitu visivyo na chupa za plastiki. Alikuwa na miswaki ya mianzi, sabuni za kupimiwa, na kondishena ya kipande, ngumu kama mshumaa.

Akamwambia mama yake, "Najaribu mpaka baridi iingie, Mama. Biashara isipokwenda, nafunga narudi Seoul."

Bunrye alinipa habari hiyo huku akimenya vitunguu saumu, machozi yakimtoka. Na kitunguu saumu hakimlizi mtu.

Basi akakaa akitafuta namna ya kumsaidia mtoto abaki. Siku moja akakishika kile kipande dukani, akakinusa, akacheka. "Unanunua hivi kiwandani wakati mama yako ni fundi wa sabuni?"

"Mama, hiyo siyo sabuni," Juyeon akasema. Nilikuwepo. "Sabuni inaondoa mafuta kichwani, na inayasimamisha magamba madogo ya unywele kama ya samaki aliyekwanguliwa kinyume. Hiki kinayalaza magamba. Ndani mna mafuta magumu na dawa inayong'ang'ania unywele, hasa pale palipoumia. Ni kondishena ile ile ya chupa, ila maji yametolewa."

"Maji yametolewa! Na sabuni yangu ina maji?"

"Hakina kostiki, Mama. Wala hakitoi povu."

"Kitu kisichotoa povu kinaoshaje?"

"Hakioshi!"

Bunrye akaniangalia kama anayesema, huyu mtoto Seoul imemharibu.

Akaenda nyumbani akapika. Hakutumia mafuta ya samaki, maana alitaka kumpa binti heshima. Alitumia mafuta ya kamelia, yale mama zetu waliyopaka nywele, akayatia kostiki, akatia maji ya mchele. Halafu akakumbuka kwamba zamani tukiosha kichwa kwa sabuni tulisuuzia siki, basi siki akaimimina humo humo chunguni. Vikatoka vipande kumi na viwili. Akavifunga kwa karatasi za duka la Juyeon bila kumwambia, na siku mbili kabla ya sikukuu ya mavuno akavigawa hamamuni. Mimi nilipata cha kwanza.

Sisi kwa mazoea tulitafuta povu. Tulivisugua kwenye vitambaa vya kujisugulia, povu likagoma. Tukaongeza. Tulipomaliza, chanuo langu liliingia kichwani likakwama. Sote tuna kalikiti, nywele zilizosokotwa kwa dawa, na kalikiti zote zikashikana kama mwani ulionyeshewa.

"Mama Juyeon, umetupikia kondishena au gundi?" akapiga kelele Mama Seokju, muuza ngisi. "Kesho kutwa wakwe wanakuja, nitawapokea na kichwa cha ufagio wa choo?"

"Hukusuuza vizuri!"

"Nimesuuza mpaka ngozi inabanduka!"

Jioni ile ile wanawake sita walisimama kwenye duka la Juyeon, karatasi zake mikononi. Hakubishana. Aliomba radhi, akakikata kipande kimoja, akakitazama. Baadaye alimwambia mama yake maneno machache tu: "Siki imeivunja sabuni, yakabaki mafuta yanayonata. Na jina lililoandikwa juu ni langu."

Bunrye alijifungia siku tatu. Sikukuu ikapita, hata keki za mchele hakuleta. Nikagonga. "Wewe ukinuna, duka ndilo linalokufa," nikamwambia. "Na likifa, unajua mwanao atapanda basi la wapi."

"Ondoka hapo mlangoni, Dada. Nisikusikie."

Lakini kesho yake alikwenda dukani, akakaa kwenye kigoda mbele ya binti yake, akasema, "Nifundishe. Kizuri nakijuaje?"

Juyeon akampa vipande viwili avilinganishe, akamweleza hivi. Kwanza soma karatasi yake: ukiona mafuta yaliyopikwa na kostiki, hiyo ni sabuni hata wakiiita nini. Kiloweshe ukisugue: kikitoa povu jingi, kirudishe. Kizuri ni kigumu, ila joto la kiganja linakifanya kiteleze, na kikigusa maji kinatoa utelezi mweupe kama maziwa. Kipitishe kwenye nywele zilizolowa, kuanzia katikati hadi ncha, si kwenye ngozi ya kichwa, halafu suuza. Kiweke kwenye wavu kikauke, la sivyo kitayeyuka bure.

Jumamosi Bunrye aliingia hamamuni na kikapu. Akamkalisha Mama Seokju kwenye kigoda.

"Nilikosea," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bwawa la maji moto. Miaka yote sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Inamisha kichwa."

"Utaninyoa sasa?"

"Inamisha, mdomo ufunge!"

Aliosha kwanza kwa shampuu mara mbili, kisha akapitisha kipande cha Juyeon. Chanuo likapita. Mama Seokju akajishika kichwa, akalichukua chanuo, akajichana tena mwenyewe. Bunrye aliwaosha wote kumi na wawili, mmoja mmoja, mpaka vidole vyake vikakunjamana. Nilikuwa wa mwisho, na alinivuta nywele makusudi.

Wiki ile wanawake walirudi dukani, safari hii kununua. Baridi ikaingia, Bunrye hakuthubutu kumuuliza binti kama anabaki. Siku theluji ilipoanguka, lori dogo lilisimama uchochoroni likashusha vitu vya Juyeon kutoka Seoul: makabati mawili, magodoro na masanduku ya viatu.

"Viatu vyote hivi tutaviweka wapi?" Bunrye akafoka, huku tayari akisogeza mitungi yake ya kostiki kupisha nafasi.