Mwanamke Aliyeosha Mchele

Sheria ya meza ile waliitunga wenyewe, wakiwa bado na nywele nyeusi: ukitoka sinema hufungui mdomo mpaka kahawa iletwe, na ukiufungua, kwanza unataja kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Maoni baadaye. Ugomvi baadaye zaidi.

Minobe Yasaku aliipenda sheria hiyo kuliko chochote kilichobaki mjini Takasaki. Alikuwa mpanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji. Shule aliiacha mapema, na elimu yake yote aliiokota herufi kwa herufi kutoka katika vitabu vya watu alivyovipanga. Kompyuta zilipokuja, herufi zikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Mkewe akafa. Mtu wa kuzungumza naye akabaki mmoja, Sugimori Gihei, aliyekuwa na bafu la umma nyuma ya stesheni mpaka kila nyumba ikapata bafu lake. Kila mwezi walitazama filamu moja, kisha wakabishana mpaka mwenye mkahawa, Mama Onoda, aanze kupindua viti juu ya meza.

Mwezi huo ilikuwa katuni, ile iliyojaza majumba ya sinema nchi nzima. Msichana anaingia ndani ya kabati la nguo, na kila droo ina majira yake. Theluji inapanda badala ya kushuka. Samaki waliovaa nguo za msiba wanapita wamejipanga, na hakuna anayesema nani amekufa. Minobe alikuwa akijiuliza kama anachezewa akili, ndipo msichana akavuta droo ya chini kabisa. Humo, kando ya mfereji, mwanamke aliyewapa watu mgongo alikuwa anaosha mchele. Akainamisha sufuria kumwaga maji, kiganja kikizuia ukingoni. Punje tatu zikaponyoka. Akaziokota moja moja kwa ncha ya kidole, akazirudisha.

Minobe akakamata mkono wa kiti.

Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka sita, katika njaa iliyofuata vita. Hakuacha picha hata moja. Maisha yake yote Minobe alijaribu kumkumbuka, akaambulia harufu ya moshi tu. Sasa mkono wa mama ulikuwa mbele yake, mkubwa kama ukuta, na alijua kiwiko kitapinda vipi kabla hakijapinda.

Majina ya watengenezaji yalipita, watu wote wametulia gizani kama ilivyo desturi. Taa zilipowaka, simu nazo zikawaka.

"Umeelewa?" msichana mmoja aliuliza nyuma yake.

"Hata chembe. Wale samaki ndiyo nini?"

"Subiri, lazima kuna mtu ameshaeleza."

Siku hizi mtu akiguswa na jambo la ajabu hakai nalo hata kidogo. Anakimbia kuuliza linaitwaje. Minobe aliwapita akiharakisha. Alitaka kahawa iletwe. Mambo kama haya hakuwahi kumwambia hata mkewe. Lakini "nimeona punje tatu", hilo angeweza kulisema, na Sugimori angemcheka, angemwita kizee kitoto, na katika kubishana lingetoka lote.

"Haya wazee wangu," Mama Onoda aliweka vikombe, "leo nani anampiga mwenzake?"

Zamu ilikuwa ya Minobe, ila alitaka kulibakiza lake, kama mtu anayesogeza pembeni kipande kizuri cha samaki.

"Anza wewe, Gihei."

Sugimori akatoa simu. "Mjukuu wangu kaniwekea kitu humu. Kinaeleza filamu yote."

"Sheria, bwana. Umeona nini?"

"Sikiliza kwanza. Samaki ni askari waliozama. Kabati ni—"

"Sikukuuliza maana. Macho yako yameona nini?"

"Yameona usingizi!" Sugimori akacheka. "Lakini si imeandikwa hapa? Maelfu wamekubali."

"Maelfu walikuwa wanaoga kwako. Siku walipoacha, ulisema hawana akili."

Mama Onoda aliguna kwa kicheko. Sugimori hakucheka tena.

"Nimechoka, Yasaku. Kila mwezi natoka hapa kichwa kinaniuma. Nikirudi, wajukuu wanazungumza, mimi nimekaa kama jiwe. Safari hii nataka kulijua jibu kama watu wengine. Ni kosa?" Akasogeza kidole kwenye kioo. "Na yule mwanamke wa mchele, sikia hii, hii ni nzuri. Yule ni mauti. Anahesabu watu. Kila punje ni mtu."

Minobe alishusha kikombe taratibu.

"Inasema mauti?"

"Mauti. Unaona? Hata wewe msomaji hukulijua hilo."

"Sikulijua."

"Haya, zamu yako. Umeona nini?"

Minobe alitazama mvuke wa kahawa.

"Theluji," alisema. "Ilikuwa inapanda."

"Theluji!" Sugimori akaitafuta kwa furaha. "Ipo. Hii hapa."

Asubuhi iliyofuata Minobe alisimama jikoni akaosha mchele wa mtu mmoja. Aliinamisha sufuria, akaweka kiganja ukingoni, akaungoja mkono wa mama yake uje.

Ulikuja. Ila ulikuja ukihesabu.